Nilivyompata kulungu dume kwa kamera mbili tu

Hapa Kentucky, Marekani, karibu kila mwindaji niliyemuuliza aliniambia nisijisumbue kutafuta kulungu (wa huku, yule wa mkia mweupe) mwenye pembe nzuri kama sina kamera kumi msituni, zile za kulipia kila mwezi zikutumie picha kwenye simu. Si kweli. Wangu nimempata kwa kamera mbili za memori kadi, na pamoja na betri sidhani kama nilivuka dola mia na hamsini.

Muuzaji aliniambia niifunge ya kwanza usawa wa kiuno, ukingoni mwa malisho, itazame uwanda wa mashariki. Ushauri mbovu kabisa! Kamera hizi hushtuka zikihisi kitu chenye joto tofauti na mazingira kikisogea. Jua likishapasha nyasi ndefu na upepo ukazitikisa, inapiga tu. Nilipofungua kadi nikakuta nyasi, nyasi, mwanga wa jua umemeza kila kitu, nyasi tena, halafu mkia mweupe wa kulungu anayeishia. Betri nazo zimekufa. Itazamishe kaskazini, na iwe mshazari na njia, ili mnyama aje akiielekea badala ya kukatiza mbele yake.

Kilichonifungulia mambo ni tawi. Kulungu dume hukwangua ardhi chini ya tawi linaloning'inia, akakojoa pale, kisha akalilamba na kulisugua kwa paji la uso na kona za macho, kwenye tezi za harufu. Wengine wakipita nao wananusa na kuacha harufu zao. Nilipata mahali njia zao mbili zinakutana chini ya mialoni, ila tawi lilikuwa juu mno. Nikalivuta kwa kamba ya katani mpaka likafika usawa wa kifua changu, nikavaa glavu za mpira, nikakwangua majani makavu chini yake hadi ukatokeza udongo mweusi. Kamera nikaipandisha kwa ngazi, juu ya kimo cha mtu, nikachomeka kijiti nyuma yake ili iiname. Huko juu kulungu haishtukii, na mwizi haioni.

Wiki haikuisha akaja. Pembe ncha nane, shingo ameinyoosha, masikio kayalaza nyuma, ncha ya tawi imezama kwenye kona ya jicho, mate yanamning'inia. Picha ile niliiangalia hadi usiku wa manane.

Wenzangu wakasema huyo hutembea usiku tu, achana naye. Mimi nikatazama saa na upande anaoelekea. Kamera ya pili, kule bondeni kwenye kijito, ilimwonyesha akipanda mlimani karibu na mapambazuko, na upepo ukitoka kaskazini-magharibi alichelewa zaidi, mwanga umeshaanza. Basi analala juu, kwenye vichaka vya mierezi. Nikapachagua mahali pa kukaa katikati, upepo ukinipiga usoni.

Ndugu zangu wa Louisville mnaotaka kuanza, msikimbilie kadi kila wikendi, mtamhamisha. Nendeni mchana mvua ikinyesha, na mabuti ya mpira, mvua inaosha harufu. Betri ziwe za lithiamu, baridi ya Novemba inaua zile za kawaida. Na ruhusa ya mwenye shamba kwanza. Mimi mzee mwenye shamba nilimsaidia kubeba marobota ya nyasi kiangazi kizima.

Msimu wa bunduki hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa ule ule. Alitokea bondeni polepole, pua chini, nikamsubiri ageuke ubavu, risasi moja. Siku hiyo hiyo nikamsajili kwa simu kama sheria inavyotaka, nusu ya nyama ikaenda kwa mzee.

Dume ni mmoja tu kwa mwaka hapa, kwa hiyo mgao wangu umeisha. Kamera sijazitoa. Nataka kuona ni madume gani wamevuka msimu kabla hawajaangusha pembe zao za mwaka huu, maana hao ndio wa mwakani.