Siku moja maishani mwangu: tumbo la mtoto likiuma

Saa 1 asubuhi. Faili la kwanza mezani ni la mvulana wa miaka minane, na limeandikwa malaria. Mimi ni afisa tabibu katika chumba cha dharura cha hospitali moja wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa mpaka wa Mpondwe. Wenyeji na ndugu zao wa Beni na Butembo, ng'ambo nchini Kongo, wanasikilizana kwa lugha yao. Mimi nimetoka mbali, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachonikutanisha nao.

Kipimo cha haraka kimetoka chanya, dawa imeanza usiku, na ni kweli malaria humuumiza mtoto tumbo. Lakini huku mtoto anaweza kuwa na vimelea damuni na bado ugonjwa unaomliza ukawa mwingine kabisa. Kipimo hakiniruhusu kuacha kulipima tumbo.

Saa 2. Simgusi kwanza. Namtazama alivyolala: amekunja mguu wa kulia, hataki kugeuka. Maumivu yalianzia wapi? Anaonyesha kitovu. Na sasa? Kidole kinashuka chini kulia. Namwomba ashuke aruke mara moja. Anashuka ameinama, ameshika tumbo, anakataa. Ninauweka mkono wake chini ya wangu na kuanza kubonyeza kushoto, mbali na panapouma, macho yangu yakiwa usoni mwake. Tukifika kulia chini anakunja uso kabla hajasema neno, na misuli ya tumbo inakaza.

"Dokta, si wamesema ni malaria?" baba yake ananiuliza.

"Malaria anayo, mzee. Ila nadhani na kidole tumbo pia kinaumwa."

Namwita daktari wa upasuaji, na kabla hajafika nampa mtoto mofini kwa mshipa, kulingana na uzito wake. Bado kuna wanaoogopa kwamba dawa ya maumivu itaficha ugonjwa. Tafiti zilizofanywa kwa watoto hazikuona hivyo, na mtoto aliyetulia hupimika vizuri zaidi. Kumwacha alie ili tumbo "lisomeke" ni kumtesa bure.

Saa 4. Foleni imejaa. Msichana anayelalamikia tumbo anapumua haraka mno. Nasikiliza kifua, ni nimonia ya sehemu ya chini ya pafu. Mwingine ana sikoseli, nalipapasa bandama nione kama limevimba ghafla. Mwingine hajapata choo siku kadhaa. Kwa kila mmoja napima sukari na mkojo, maana kisukari kinachoanza huja na kutapika na tumbo kuuma. Wavulana nawavua nguo, wazazi wakiwapo. Korodani iliyojisokota huumiza tumbo, na mtoto mwenye haya hataitaja kamwe. Zikipita saa sita hivi, matumaini ya kuiokoa hupungua haraka.

Saa 7 mchana. Mama amevuka mpaka na mtoto wa miezi saba. "Ni meno, muganga." Mtoto analia kwa ukali, anavuta miguu tumboni, halafu ananyamaza na kulegea kabisa. Dakika chache, tena. Ametapika kijani. Nafungua nepi: ute uliochanganyika na damu. Ultrasaundi inaonyesha duara ndani ya duara: utumbo umeingia ndani ya utumbo. Tunaweka dripu na mpira wa kutoa uchafu wa tumboni, na napiga simu Mbarara, kwenye madaktari wa upasuaji wa watoto. Mara nyingi hewa au maji yakisukumwa kupitia njia ya haja kubwa, utumbo hurudi mahali pake bila kisu, mradi mtoto amefika mapema. Namweleza mama hivyo, polepole, mara mbili. Wanaondoka saa 8.

Saa 10. Mvulana ametoka chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba, hakijatoboka. Nimefurahi kweli. Kwa walio chini ya miaka mitano mara nyingi tunakikuta kimeshapasuka, kwa kuwa wao hawawezi kusema yalianzia wapi.

Saa 11. Msichana wa miaka kumi, homa ya wiki mbili, tumbo limejaa gesi. Hapa Kasese hakuna anayeipuuza picha hii. Katika mlipuko wa homa ya matumbo wa 2007 hadi 2009, wagonjwa 249 walitoboka utumbo na watu 47 walifariki. Tumbo lake bado ni laini, na picha ya eksirei akiwa amesimama haionyeshi hewa chini ya kiwambo cha kifua, dalili ya utumbo uliotoboka. Tumechukua damu ya kuotesha vijidudu na kuanza dawa.

Saa 12 jioni namwachia dada wa zamu ya usiku maagizo: msichana huyo asile, mkojo upimwe, na tumbo lake lipapaswe tena saa 3, saa 6 na saa 9, na mtu yule yule ikiwezekana. Likikaza hata kidogo, daktari wa upasuaji aamshwe hapo hapo, asingoje asubuhi.