Kwani Kulima si Mazoezi?

Kila ninapomshauri mtu anayeumwa na mgongo hapa Kakamega aanze mazoezi, swali huwa lile lile: kwani kulima si mazoezi? Jirani yangu aliniuliza hivyo msimu wa palizi ya mahindi, mkono mmoja ukiwa kwenye mpini wa jembe na mwingine ukishikilia kiuno. "Mwalimu," alisema, "mimi huamka saa kumi na moja, nikafagia uwanja, nikateka maji, kisha nikalima mpaka jua liwe kali. Hayo mazoezi mengine nitayafanya saa ngapi, na kwa nguvu zipi?" Ni swali la haki, na wanaolicheka pengine hawajawahi kupalilia shamba kwa jembe la mkono.

Kazi ya shamba huutumia mgongo bila kuujenga. Anayelima huinama kwa mkao ule ule kwa saa nyingi, mkono ule ule ukitangulia, na kiasi cha kazi huamuliwa na magugu na mvua wala si hali ya mwili wake siku hiyo. Katika mazoezi, kiasi unakiamua wewe: unaanza na kile unachokimudu, unaongeza kidogo kidogo wiki hadi wiki, na unaifikia misuli ambayo jembe huiacha nyuma, hasa ya makalio, ya tumbo na ya ubavuni. Misuli hiyo ikipata nguvu, palizi ile ile haiuchoshi mgongo kama zamani.

Mimi ni mwalimu. Siku za kazi hukaa nikisahihisha insha na Jumamosi hushika jembe, na kwa muda mrefu kiuno kilinisumbua. Ushauri niliopewa haukuwa haba. Wengi walisema nilale mpaka maumivu yaishe, na wengine wakanionyesha mikanda ya kufunga kiunoni inayouzwa sokoni. Kuhusu kulala, utafiti uliofanywa na madaktari wa Finland miongoni mwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, na kuchapishwa mwaka wa 1995, uliwagawa watu wenye maumivu mapya ya mgongo katika makundi matatu: wa kwanza wakalazwa kitandani siku mbili, wa pili wakapewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, na wa tatu wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Maana yake ni kwamba hata mazoezi yana wakati wake: siku za kwanza za maumivu makali, kuendelea na shughuli nyepesi za nyumbani kunatosha.

Mambo hubadilika maumivu yakipita miezi mitatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unapendekeza programu za mazoezi, na unashauri dhidi ya kutumia mikanda ile kama tiba ya kawaida. Niliwahi kumweleza hayo muuzaji mmoja wa mikanda, naye akanijibu kwamba Shirika hilo halimlipii kodi ya kibanda.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, alinifundisha mazoezi machache ambayo hayahitaji chochote zaidi ya mkeka. La kwanza ni kulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa sakafuni, kisha kuinua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, kukaa hapo kidogo, na kushuka taratibu. La pili ni kupiga magoti huku viganja viko chini, kisha kunyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kuuacha mgongo ubonyee, halafu kubadilisha upande. Linaonekana rahisi mpaka ulijaribu. La tatu ni kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, nyonga zikibaki chini. Hili humfaa zaidi yule ambaye kuinama humzidishia maumivu, na likisukuma maumivu yateremke mguuni, liache. Uchovu wa misuli au maumivu madogo yanayotulia baadaye si sababu ya kuacha.

Saa ya kufanya mazoezi nayo ina uzito. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji usiku tunapolala, kwa hiyo asubuhi huwa zimejaa, na kuinama sana wakati huo huzikaza kuliko saa nyingine za siku. Sasa fikiria desturi yetu ya kuamka na kushika ufagio mfupi papo hapo. Nilimshauri jirani atangulize kuteka maji, akitembea na mtungi mdogo, na ufagio ungoje kidogo.

Kutembea ndiko ninakokupenda kuliko yote. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni. Kundi moja lilipewa mpango wa kutembea unaoongezeka polepole pamoja na mafunzo ya fiziotherapia, na jingine halikupewa kitu. Muda wa kati kabla ya maumivu kurudi, yaani ule ambao nusu ya watu huwa wamesharudiwa, ulikuwa siku 208 kwa waliotembea na siku 112 kwa wenzao. Nami hutembea asubuhi kutoka Lurambi kando ya barabara ya Webuye, kwa kuwa alasiri za Kakamega ni za mvua. Wanabodaboda husimama kila mara kuniuliza ninakwenda wapi, maana mtu mzima anayetembea kwa kasi bila mzigo wala safari huwatia wasiwasi.

Kuna maumivu ambayo hayangojei mkeka. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu pamoja na maumivu ya mgongo pia vinahitaji daktari mapema, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo, na ugonjwa huo bado tunao hapa kwetu.

Jirani yangu hakukubali mambo ya mkeka asubuhi. Alisema watoto watamcheka. Tulikubaliana ayafanye jioni, chakula kikiwa jikoni, na shambani asimame wima kila anapomaliza mstari, aegemee nyuma kidogo mikono ikiwa kiunoni, kisha abadilishe mkono unaotangulia kwenye mpini. Hilo la kubadilisha mkono ndilo linalomkera, kwa sababu anasema mstari wa mkono wa kushoto huacha magugu.