Ukitoka Japani lete vitambaa, acha vikorokoro

Mara ya kwanza narudi kutoka Japani nilimletea shangazi yangu tenugui moja nzuri sana, ya buluu iliyoiva yenye mawimbi meupe, nikamkabidhi bila maelezo yoyote maana nlikuwa na haraka ya kugawa zawadi za wengine. Wiki mbili baadae napita kwake nakuta kaipeleka kwa fundi cherehani, ncha zote mbili zimekunjwa pindo safi kabisa. Akanambia kwa upole, mwanangu walikuuzia kitu hakijaisha, nimekumalizia.

Sasa kwa asiyeijua, tenugui ni kitambaa cha pamba, upana kama sentimita 35 na urefu kama 90, Wajapani wanakitumia kwa kila kitu, kufuta mikono, kufunga kichwa, kufunika vyombo, kukausha glasi, wengine wanakitundika ukutani kama picha. Na zile ncha mbili za mwisho zinaachwa makusudi bila pindo, kwa sababu pindo linashika maji na uchafu, bila pindo kinakauka haraka sana, na zamani ukiumia au kamba ya kandambili ikikatika unachana kipande hapo hapo unafunga. Mwanzoni nyuzi zitachomoka ukifua, unazikata tu na mkasi, baada ya kufua mara kadhaa zinaacha zenyewe. Haya yote nilikuwa nayajua, muuzaji alinieleza vizuri kabisa, alafu mi nikayaacha kwenye begi. Shangazi anaitumia mpaka leo na pindo lake, lakini tangu siku ile sitoi zawadi ya Japani bila kukaa chini na mtu dakika mbili nimwambie ni nini, kinatumikaje na kimetoka wapi. Zawadi ya bei ndogo inategemea maelezo. Kitu cha yeni 1,000 ukikieleza vizuri mtu anakitunza, usipokieleza kinageuka dekio.

Na kwa kweli kama pesa yangu ni ndogo na nina watu kumi na tano wa kuwapelekea, tenugui ndo naanza nayo. Haina uzito, haivunjiki, haina saizi kwamba itambana mtu, unaweka ishirini kwenye begi na bado nafasi ipo. Ila kuna tenugui na tenugui. Kuna za kuchapwa, bei inakuwa chini, na kuna zilizotiwa rangi kwa njia inaitwa chusen, ambapo kitambaa kinakunjwa tabaka kwa tabaka, kinazuiliwa kwa uji mzito mahali pasipotakiwa rangi, alafu rangi inamiminwa kutoka juu na kuvutwa mpaka chini ipenye tabaka zote. We ukiwa dukani fanya kitu kimoja tu, geuza kitambaa upande wa nyuma. Kama nyuma kumepauka kama nguo iliyogeuzwa ndani nje hiyo imechapwa, kama mbele na nyuma rangi ni ile ile na kwenye mipaka ya rangi kuna kama kutandaa kidogo, hiyo ni chusen. Nyingi utazipata kati ya yeni 1,000 na 1,500 na kidogo, na mi naona ni pesa halali kabisa kwa kazi ya mikono namna ile.

Watu wengi wanakosea mahali pa kununua. Ukifika Tokyo utapelekwa Asakusa kwenye hekalu la Senso-ji, na ile njia ya kuingilia inaitwa Nakamise imejaa maduka madogo pande zote, inapendeza sana, tembea, piga picha, kula senbei ya moto, ile biskuti kavu ya mchele. Lakini usimalizie zawadi zako zote pale. Vitu vingi vidogo vya kwenye maduka ya watalii, vile vya kuning'iniza kwenye funguo na vile vipepeo vya plastiki vya kujipepea, vimetengenezwa nchi nyingine kabisa, na hakuna anayekuficha, imeandikwa kwenye lebo, ni wewe tu hukusoma. Uliza "Nihonsei desu ka", yaani hiki kimetengenezwa Japani? Watakujibu kweli, sijawahi kudanganywa hata mara moja. Mi nimejiwekea utaratibu wangu, nanunua pale ambapo wenyeji wenyewe wananunua kwa matumizi ya nyumbani, maana hapo hakuna anayelipia picha ya mlima Fuji iliyobandikwa juu ya boksi.

Kwa mfano Kappabashi. Ni mtaa upo katikati ya Asakusa na Ueno, unaenda kwa miguu, na ni mtaa wa vyombo vya mikahawa, wenye mahoteli na migahawa wanakuja kununua sufuria, visu, mabakuli, mpaka vile vyakula vya bandia vya kuweka dirishani. Nje ya maduka kuna makreti ya mabakuli na visahani vimepangwa bei imeandikwa kwa kalamu nene, yeni 200, 300, 500. Kuna visahani vidogo vinaitwa mamezara, vinatosha kiganjani kabisa, vya kuwekea sosi au chumvi, na ndo ugonjwa wangu kwa sababu unaweza kuchagua kila kimoja na ua lake. Vingi vinatoka Gifu, wanaita Mino-yaki, na vingine Nagasaki, Hasami-yaki, ni vyombo vya kulia kila siku siyo vya kabatini. Muuzaji atavifunga kimoja kimoja na gazeti, kwa mikono ya mtu ambaye kafanya hiyo kazi miaka yote, sekunde tano kila kimoja. Vyangu havijawahi kuvunjika, ila viweke katikati ya nguo na siyo kwenye ukingo wa sanduku. Utashangaa seti nyingi zinauzwa tano tano na siyo nne au sita. Hiyo ni kwa sababu nne kwa Kijapani ni "shi" na kifo pia ni "shi", kwahiyo zawadi ya vitu vinne wanaikwepa. Mwenzangu usifikiri ni habari ndogo, ukimwambia mtu hivyo wakati unamkabidhi seti ya tano hatosahau.

Furoshiki nayo ni kitambaa, lakini hii ni ya mraba, ya kufungia na kubebea vitu. Furo ni bafu, shiki ni kutandika, jina linatokana na zamani watu walivyokuwa wakienda kuoga mabafu ya pamoja wakifunga nguo zao kwenye kitambaa na kukitandika wakati wa kuvaa. Mama yangu nilivyomwonesha hakuhitaji hata maelezo, maana mwanamke aliyekua na khanga anajua kufunga mzigo kwenye kitambaa kabla hajajua kuandika. Alichokipenda ni lile fundo. Wanatumia fundo bapa ambalo ukilivuta linakaza kweli kweli na ukilifungua linafunguka bila kupigana nalo, ukikifunga kitambaa cha sentimita 70 pembe mbili mbili unapata mkoba kamili. Chukua saizi hiyo ya 70 au ya 90 na zaidi kidogo, ile ya 50 inatosha tu kufungia boksi la chakula. Na kama unabeba zawadi nyingi, hii yenyewe inafungia zawadi nyingine, hununui karatasi.

Sasa nikwambie kitu ambacho watu wetu wangekifurahia kuliko vyote na karibu hakuna anayekileta, udi. Wajapani wana utamaduni mzito wa kufukiza, na kumbukumbu zao za kale zinasema mwaka 595 gogo lilielea baharini mpaka ufukweni kwenye kisiwa cha Awaji, wenyeji wakalitia kwenye moto wakidhani ni kuni, harufu iliyotoka wakashangaa, wakaona hii siyo kuni wakampelekea malkia Suiko. Wanaita jinko, na jinko ndo udi wenyewe, ule ule unaofukizwa kwenye chetezo. Mpaka leo Awaji ndo inatoa sehemu kubwa ya vijiti vya kufukiza vya Japani. Vijiti vyao havina kile kijiti cha mianzi ndani, ni unga mtupu uliokandwa na kukaushwa, kwahiyo unanusa manukato na siyo mbao inayoungua, alafu vipo vya moshi kidogo sana vya kufukizia ndani. Boksi la vijiti vya sandali, ule mti wa manukato, wao wanaita byakudan, utalipata kwa yeni mia kadhaa mpaka elfu na kitu, la jinko linapanda bei haraka kwahiyo soma vizuri. Bibi yangu nilimpa la sandali, akalifungua, akalinusa akiwa kafumba macho, akalifunga, akalipeleka chumbani kwake bila kusema neno. Aliporudi akaniuliza, hivi na wao wanafukiza? Tukaongea mpaka chai ikapoa.

Kama utakuwa Kyoto, angalia tarehe. Kila tarehe 21 ya mwezi kuna gulio kwenye hekalu la Toji, na kila tarehe 25 kuna lingine Kitano Tenmangu. Nenda asubuhi. Ndani ya yale marundo ya nguo za mtumba kuna yukata, ile kimono nyepesi ya pamba ya kiangazi, unaweza kuipata kwa yeni 1,000 au 2,000 wakati mpya dukani ni mara kadhaa ya hiyo, na kuna obi, ile mishipi mipana iliyofumwa kwa nakshi, ambayo ukiitandaza katikati ya meza ya chakula ni pambo la ajabu. Yukata iangalie kwenye mwanga, kagua kwapa na kola kama kuna madoa, nusa. Na ukimpa mtu yukata mfundishe kitu kimoja cha lazima, upande wa kushoto unakuja juu ya upande wa kulia, mwanamke na mwanaume sawa, kwa sababu kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvisha maiti. Nimeona picha za watu wetu mtandaoni wamevaa kinyume wanatabasamu, na roho inaniuma kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Vijiti vya kulia? Vinauzwa kila kona na ni vizuri, hasa vya lakeri, ile rangi ngumu ya kung'aa, kutoka mji wa Obama kule Fukui, lakini mpelekee tu mtu unayejua atavitumia, la sivyo vitalala kwenye droo. Hirizi za mahekaluni, omamori, mi sinunui kwa ajili ya watu wengine. Ni kitu cha ibada ya watu, wanakiheshimu, hakifunguliwi, kwa kawaida baada ya mwaka kinarudishwa hekaluni, na nyumbani kwetu wapo ambao kwa imani yao hawatotaka kukiweka ndani hata kama watakuchekea wakipokea. Bora usimweke mtu kwenye hali hiyo. Vyakula pia naleta vichache, mochi laini, vile vitafunwa vya mchele uliopondwa, zinadumu siku chache tu kwahiyo angalia tarehe, imeandikwa mwaka mwezi siku kwa mpangilio huo, na kama unampelekea Muislamu uliza habari ya mafuta ya nguruwe, jelatini na pombe maana vinaingia mpaka kwenye biskuti. Chai ya kijani ya majani haina shida yoyote, ile ya Shizuoka au Uji.

Habari ya kodi haraka haraka, mgeni akinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi kwenye duka moja lenye huduma hiyo siku moja hatakiwi kulipa ile kodi ya asilimia 10. Mpaka mwisho wa Oktoba 2026 unaonesha pasipoti wanakukata hapo hapo, kuanzia Novemba 1, 2026 unalipa yote alafu unarudishiwa baada ya kupita forodha wakati wa kuondoka. Kwahiyo ni bora tenugui zako zote ununue duka moja kuliko kutawanya kwenye maduka sita.

Bado kuna wale ambao hukuwapangia, jirani, dereva aliyekuja kukupokea, watoto wa rafiki ambao hukujua watakuwepo. Kwa hao nina zawadi yangu na siiachi. Ingia duka la yeni mia, Daiso au Seria, kila kitu kwa kawaida ni yeni 110 na kodi, nenda kwenye bahasha uulize pochibukuro. Ni bahasha ndogo kama kiganja cha mtoto, zimepambwa korongo na maua, wao wanawekea pesa za watoto mwaka mpya, na pakiti moja inakuwa na kadhaa. Alafu kusanya sarafu za yeni tano. Ni ya shaba ya manjano, ina tundu katikati, na ndo sarafu pekee ya Japani inayotumika leo ambayo thamani yake haikuandikwa kwa tarakimu tulizozoea, ni herufi za Kijapani tupu. Iangalie karibu, kuna suke la mpunga limeinama, kuna mistari ya maji, na kuzunguka lile tundu kuna meno ya gurudumu la mashine, kilimo, uvuvi na viwanda vyote kwenye kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Yeni tano kwa Kijapani ni "go-en", na "goen" ni pia ule uhusiano unaowakutanisha watu, ndo maana wanapenda kuitupa kwenye sanduku la hekalu wanapoomba. Unaiweka moja kwenye kila bahasha, unampa mtu, unamwambia maana yake. Kwahiyo siku ya mwisho ukifika uwanja wa ndege usimalize chenji yote kwenye mashine ya soda, zile zenye tundu zitoe pembeni kwanza.