Upinde wa mkone

Likizo ya Aprili mwaka 1994, Babu alinikatia mti wa mkone ukingoni mwa shamba lake huko Kakoneni, bara ya Malindi. Ulikuwa umenyooka, mnene kama kifundo cha mkono wangu, na fundo moja tu karibu na katikati. Akapaka nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili, maana mti huanza kukaukia nchani na hapo ndipo hupasuka, kisha akaufunga juu kwenye paa la makuti. "Rudi Agosti," akaniambia. Nilikuwa darasa la sita, na miezi ile niliihesabu kwa vidole.

Agosti tulianza na ugwe. Tulisokota katani pajani asubuhi nzima, huku Babu akinihadithia jirani zake Wawata, wawindaji wa ndovu wa nyika ya Tsavo, ambao pinde zao zilitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Upinde wake mwenyewe, tangu uwindaji upigwe marufuku mwaka 1977, ulibaki wa kufukuzia nyani mahindini.

Kuchonga kwenyewe kulikwenda upesi: panga, halafu kisu, halafu kigae cha chupa, ambacho hukwangua mti mkavu vizuri kuliko kisu. Sharti lilikuwa moja. Nichonge tumbo, upande unaomwelekea mpigaji. Mgongo nisiuguse ila kutoa gome.

Kilichokula siku ni kutazama. Babu aliufunga ugwe ukiwa umelegea, akauvuta kidogo, nami nikasimama mbele yake hatua kumi.

"Juu panakunja?"

"Panakunja, Babu."

"Na chini?"

"Pamekaza, hapo karibu na mkono wako."

Basi hunipa kigae nikwangue hapo mara kumi, si zaidi, tukavuta tena. Palipokaza hupunguzwa, palipolegea huachwa vivyo hivyo mpaka kwingine kulingane napo. Sijawahi kukitazama kitu kwa makini kama nilivyoutazama mti ule. Siku ya tatu alasiri ulikunjika kama mwezi mchanga, pande zote sawa, nikahisi koo limenibana kwa furaha.

Babu akaenda kujinyoosha. Mimi nikabaki na jani la msasa, naulainisha. Lile fundo lilikuwa limetokeza mgongoni, na machoni pangu likawa doa kwenye kitu kizuri. Nikachukua kisu nikalisawazisha, nikasugua, nikapaka mafuta ya simsim mpaka hapakuonekana kitu.

Mshale wa kwanza ulichoma mgomba. Wa pili ukapita juu. Wa tatu haukutoka: ulisikika mlio mmoja mkavu, upinde ukakatika mikononi mwangu, pale pale penye fundo.

Babu aliokota vipande, akapitisha kidole kwenye mvunjiko. Nyuzi za mti zilikuwa zimelizunguka fundo kama maji yanavyozunguka jiwe, na mimi nilikuwa nimezikata, tena mgongoni, ambako ndiko hutanuka upinde unapovutwa. Hakunifokea. Nililia, akaniacha nilie.

Kisha akaufungua ugwe kutoka kwenye vile vipande, ncha moja baada ya nyingine, akauviringa polepole na kuufunga pindoni mwa shuka lake.

"Ugwe mzima huu," akasema. "Disemba utakuja?"