Milimita nane za kebo ya gia

Mashine mpya ya boti ilikuwa imeshakaa kwenye misingi yake, shafti imenyooshwa, mfumo wa mafuta umetolewa hewa. Zilibaki kebo mbili tu zitokazo kwenye wenzo wa nahodha, moja ya gia na moja ya eksileta. Nilizipa nusu siku, zikala siku tatu.

Giaboksi ya zamani ilikuwa ya haidroliki. Kebo yake ilisogeza vali ndogo, na vali ikifika mahali pake unaihisi kwenye kidole: tik. Kinachobana klachi pale ni shinikizo la mafuta. Hii mpya ilikuwa ya kimekanika, ya aina iliyoanza kwa jina la Hurth na sasa inaitwa ZF. Kwenye giaboksi kama hiyo mkono wa gia, ule wa kwenye giaboksi unaosogezwa na kebo, ndio unaoanza kubana klachi, kisha nguvu ya mzunguko inamalizia. Mkono usipofika mwisho wake, klachi hushika nusu, na hakuna tik ya kukuonya.

Tofauti ya kwanza tuliiona mapema. Ya zamani ilienda mbele kwa kebo kuvuta. Hii ilitaka kusukumwa. Hilo halihitaji kebo nyingine. Tulifungua kichwa cha wenzo, tukahamisha pini ya kebo upande wa pili wa egemeo, na mwendo ukageuka. Kebo ya eksileta tuliacha ilivyo.

Kosa langu lilikuwa kwenye breketi inayoshika gamba la kebo. Nilikata bati la milimita 2, nikatoboa matundu kwa kufuata kebo ilipoangukia, si kwa kufuata mkono wa gia. Tukafunga chombo kwa kamba nne, tukawasha. Nyuma kilishika vizuri. Mbele, mashine ikapanda sauti na kamba zikabaki zimelegea.

“Fundi, inanguruma lakini haisukumi,” akasema mwenye chombo.

“Zima, Mzee. Zima sasa hivi.”

Klachi inayoteleza haivumilii majaribio. Dakika chache za kulazimisha zinatosha kuiunguza. Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta, nikanusa. ATF, mafuta ya giaboksi, ilikuwa bado nyekundu, haina harufu ya kuungua. Tulikuwa tumewahi.

Mashine ikiwa imezimwa, nilishika rula ya chuma kwenye mkono wa gia huku mwenzangu akisogeza wenzo wa nahodha kule juu. Kitabu cha giaboksi kilitaka angalau milimita 35 kutoka nyutro kwenda kila upande, ukipimia tundu la nje la mkono huo. Nilipata 38 nyuma na 27 mbele. Milimita 8 zilikosekana, upande ule ule wenye kazi kubwa.

Jumla yake ni 65, na wenzo wa juu hutoa kama 76. Nyingine zilipotelea wapi? Niliweka kidole gumba kwenye breketi, wenzo ukasukumwa: bati lilipinda, unaliona kwa macho. Halafu tukashika ncha ya kebo isisogee, na wenzo wa juu bado ukacheza. Waya wa ndani ulikuwa umekula gamba lake. Kuhamia tundu la ndani, linalotaka 30 tu, kungetupa 32 kila upande. Nilikataa, kwa sababu kebo iliyochoka inazidi kuchoka.

Tulileta kebo mpya, tukaipitisha bila kona yenye nusukipenyo cha chini ya sentimita 20, maana kona kali ndiyo inayoua kebo. Breketi nilitengeneza upya kwa chuma cha milimita 5, safari hii nikianzia kwenye mkono wa gia: uko nyutro, kebo iukute kwa pembe mraba. Ikiukuta kwa mshazari, upande mmoja unaiba mwendo wa mwingine; ndiyo maana ya 38 na 27. Kusawazisha kwa mwisho ni kuzungusha kichwa cha kebo kwenye hesi yake. Na hesi hiyo kwa kebo hizi ni 10-32, kipimo cha inchi. Nati ya M5, ya milimita, huingia bila kugoma, ila inakaa imelegea na siku moja inachomoka gia ikiwa mbele. Nati sahihi, nati ya kufungia, kotapini.

Vipimo vikasoma 36 na 36. Nilihakikisha pia mkono haugongi breketi wala kifuniko mwisho wa mwendo, maana klachi ikilika utahitaji kwenda mbele zaidi kidogo. Boliti za kifuniko chake hazikuguswa. Mpangilio wa kiwandani uko chini yake.

Kamba nne tena, mashine mzunguko wa chini. Gia mbele: kamba za tezi, nyuma ya chombo, zikakaza zikakamua maji. Nyutro, pumzi moja, nyuma: za omo, za mbele, nazo zikakaza.

Baada ya saa kumi za kazi nilirudi na rula. 36 na 36, na mafuta mekundu.