Akina Mama wa 1992 na Mlango wa Kanisa Letu

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2024, siku tano baada ya vijana kuingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi wakiupinga Muswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya, mama mmoja wa kanisa letu alisimama wakati wa matangazo bila kuitwa. Alisema kwamba mwanawe amelazwa hospitalini akiwa na jeraha la risasi pajani, kwamba hakuiba wala hakuchoma kitu cha mtu, na kwamba anaomba tumwombee. Mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma matangazo alimshukuru, akasema tutamkumbuka katika sala, kisha akaendelea na habari za mchango wa paa. Mimi nilikuwa nimeketi viti vitatu nyuma ya mama huyo, na sikuinuka kwenda kukaa naye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria akina mama wengine, wale waliofika Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992 pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, wakafunga kula na kudai kwamba wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Wengi wao walikuwa wazee wa kutoka mashambani, wasio na cheo wala wakili. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito anayoweza kuitoa mzazi aliyefikishwa ukingoni. Baada ya hapo walikimbilia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo karibu na bustani hiyo, nalo likawapokea. Walikaa katika chumba cha chini ya kanisa kwa karibu mwaka mzima, wakila, wakilala na kuomba humo, hadi mapema mwaka 1993 ambapo wengi wa wafungwa wale walikuwa wameachiliwa.

Mwaka mzima ni muda mrefu kwa kanisa lolote kuwa na wageni ambao serikali haiwapendi. Ninaamini walikuwapo waumini walionung'unika kuhusu usafi, usalama na sifa ya kanisa, kwa maana ndivyo tulivyo. Hata hivyo ibada ziliendelea juu huku akina mama wakiendelea kukesha chini, na nadhani hapakuwa na tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, polisi waliingia ndani ya kanisa lilo hilo na kuwapiga watu waliokuwa wamekusanyika kudai mabadiliko ya katiba, ikadhihirika kwamba mlango uliofunguliwa kwa wanyonge una gharama yake.

Katika Luka 18 Bwana Yesu anasimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu, akimdai haki mara kwa mara hadi kadhi akachoka. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo, na karibu yote yalituhimiza tudumu katika maombi, jambo ambalo Luka mwenyewe analisema waziwazi. Lakini mjane yule alikuwa akidai haki yake, tena mbele ya mwenye mamlaka, na Yesu hakumwita mchochezi. Tukiuchukua mfano huo kuwa somo la kupiga magoti tu, tunamrudisha mjane nyumbani mikono mitupu, kisha tunamwambia awe mpole kwa ajili ya amani. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi walioliponya jeraha la watu juujuu tu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haipo.

Sisemi haya kana kwamba kanisa la Kenya limekuwa likisimama imara siku zote. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomewa ndani yake, katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Tume ya Waki iliyoyachunguza ilihesabu vifo 1,133. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo hilo lilihitaji ujasiri, nami naliheshimu, ingawa lilikuja makaburi yakiwa yamekwisha kuchimbwa.

Huruma ya Kikristo hainiruhusu kuchagua wa kumlilia. Katika kanisa letu anaabudu mama mwenye duka dogo la nguo mjini ambalo lilivunjwa na kuporwa wiki ile, na anaabudu pia mke wa askari ambaye kwa siku kadhaa hakujua mumewe yuko wapi. Paulo anatuagiza kulia pamoja nao waliao, na hao wote walikuwa wakilia. Hata hivyo kulia na mke wa askari hakunizuii kuuliza ni nani aliyefyatua risasi, wala kumhurumia mwenye duka hakunipi ruhusa ya kusema kwamba vijana wale walijitakia.

Jumatano iliyofuata tulikwenda hospitalini, wanawake wanne, na chupa ya uji. Nilimwomba yule mama msamaha kwa kuketi kwangu, naye akanishika mkono bila kusema neno, kisha akanionyesha fomu ya malalamiko ambayo alikuwa ameibeba kwa siku tatu akitafuta mtu wa kumsaidia kuijaza. Tuliijaza pale pale kando ya kitanda, kijana akitutajia saa na barabara, nami nikaandika jina langu mahali pa shahidi wa maelezo hayo.