Siku tuliyomvua mdogo wangu jezi

Jumamosi asubuhi nimetoka nje na mswaki mdomoni nakuta jezi imeanikwa kambani, nyekundu, imebanwa vibanio kwenye pindo kwa hiyo imening'inia kichwa chini, nikasoma mgongoni: 9. Nikamuuliza binti, we umeanza lini kufunga magoli? Akacheka mpaka akaiacha ndoo. "Baba hiyo 6, imegeuka tu. Mwalimu kanipa namba sita. Eti sita ni namba nzuri?"

Nikatema povu nikamwambia nzuri, nikaingia ndani kama mtu aliyesahau kitu. Mama yake akaniuliza vipi mbona macho hivyo, nikamwambia salfa, si unajua watu wanapulizia mikorosho. Akaniangalia tu. Mikorosho ya jirani ilishapuliziwa zamani na yeye anajua.

Namba hiyo ilinikumbusha mdogo wangu. Kabla hajaenda Dar alikuwa anacheza mpira, na mimi nilikuwa mweka hazina wa mashabiki, cheo ambacho nilipewa kwa sababu nilikuwa na daftari.

Ilikuwa mwisho wa 2018, msimu ule serikali ilisema itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, magari ya jeshi yakawa yanapita kubeba magunia na kila mtu mtaani anapiga hesabu za hela ambayo bado hajaishika. Ndanda, timu ya Mtwara, ilikuwa Ligi Kuu bado, kwa hiyo mtu akitaka mpira wa maana alikuwa anapanda gari kutoka Mikindani kwenda mjini, uwanja wa Nangwanda Sijaona, hasa siku ambazo Simba au Yanga wamekuja. Sisi tuliobaki tulikuwa na timu yetu na kiwanja chetu cha mchanga, ambacho mpira ukipigwa sana upande wa chini unaenda kuokotwa kwa akina mama wanaouza ming'oko. Na timu ilikuwa inafungwa. Tulishapigwa mechi tano mfululizo, tena mechi ya tano tulifungwa na watu waliokuja pungufu, mmoja wao gari ilimwacha.

Sasa ndio ukaanza huu wimbo wa Sita.

Sita ni yule orijino. Kiungo mkabaji, alichezea pale miaka kumi na nne mpaka jina lake halisi likapotea, mkewe anamwita Sita, dukani kwenye daftari la mkopo kaandikwa "Sita 4,500". Alikuwa hapigi chenga, hana mbio, ila mpira ukija katikati ulikuwa unaishia kwake kama maji yanavyoishia shimoni. Goti ndio lilimstaafisha. Wakati anaacha hakuna aliyemuaga, kusema kweli, alikosa mechi moja, akakosa mbili, tukajua basi. Miaka kama mitano ikapita. Tulipoanza kufungwa ndio kila kijiwe ukipita unasikia angekuwepo Sita, Sita asingekubali hili, Sita Sita Sita. Tungekuwa tunashinda sidhani kama kuna mtu angeuliza hata goti linaendeleaje.

Wazo la jezi lilitoka kwa Baharia, kwenye kahawa. Baharia alikuwa kwenye meli za watu miaka ya nyuma na akianza kuongea huwezi kujua ipi kaona ipi kasikia. Akasema wenzetu mchezaji akiwa mkubwa namba yake haivaliwi tena. Akasema Italia AC Milan walimfanyia Baresi mwaka 1997, na yeye alikuwa sita vilevile, kijiwe kizima kikatingisha kichwa kama tumesomewa aya. Halafu akaleta ya Kanada, kwamba kule wana mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na kuna mtu anaitwa Gretzky alivaa 99, alipostaafu 1999 namba yake ikafungiwa ligi nzima, sio timu yake tu, timu zote, na kwamba wanazipandisha jezi juu kwenye dari ya uwanja watu wakiingia wanazitazama. Mzee mmoja akauliza sasa sisi dari tunaipata wapi. Baharia akasema tutamkabidhi mkononi.

(Hayo ya Gretzky nilikuja kuyacheki baadaye kwenye simu nikijua ni chai. Ni kweli kabisa.)

Michango sitaki hata kuikumbuka. Watu walikuwa wananiambia andika, korosho zikilipwa nakupa, nikaandika kurasa mbili. Tulianza na mpango wa TV, tukashuka kwenye mbuzi, tukaishia kwenye feni ya kusimama. Na jezi. Shida ya jezi ni kwamba timu ilikuwa na seti moja tu, hatukuwa na sita nyingine ya kumpa, na sita hiyo moja ilikuwa na mtu ndani yake.

Mtu huyo alikuwa mdogo wangu, wakati huo ana miaka kumi na tisa. Nikisema alikuwa mbaya nitakuwa namsingizia na nikisema alikuwa mzuri mtasema ndugu. Alikuwa anajitahidi, alikuwa anakimbia sana, labda alikuwa anakimbia kupita kiasi, kwa sababu kila akipoteza mpira alikuwa anasikia lile jina kutoka pembeni.

Siku yenyewe mpaka mapumziko tuko nyuma 3-0. Wachezaji wamekaa chini wanakula machungwa, MC anagombana na spika inayopiga kelele kuliko yeye, Sita kaja na kanzu jeupe la Ijumaa limepigwa pasi mpaka linakata, kakaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kanga. Mimi nimeshika feni. Katibu akamfuata mdogo wangu akainama akamwambia, dogo, vua.

Akauliza, "Natoka?"

Hakuuliza kwa hasira. Alishaweka ganda la chungwa chini na alishaanza kufungua kamba za viatu, yaani alikuwa amekubali. Katibu akasema hutoki bwana, vua jezi tu, kuna kazi nayo. Dogo akageuka akanitafuta pale nilipo. Mpaka leo nashindwa kusema alikuwa ananiuliza nini, ila mimi nilimjibu, nilimpandishia nyusi hivi, ile ya vua tu mdogo wangu usitie watu aibu. Nilikuwa na feni mkononi na waya wake umenizunguka miguuni, nyusi ndio kitu pekee nilichoweza kupandisha. Au ndivyo ninavyojiambia.

Ilikuwa imemganda kwa jasho na mchanga, akaivua kwa kuikunja kama unavyochuna ndizi, kisha wakamwambia aipeleke mwenyewe katikati ya uwanja ili ionekane vizuri, kijana anamkabidhi mkubwa. Akaenda kifua wazi. Ana mbavu nyembamba yule, kutoka pale nilipo nilikuwa naweza kuzihesabu. Akafika akainamisha kichwa, "Shikamoo kaka." Sita akajibu marahaba, akaipokea jezi, akainusa, akasema kitu watu wa mbele wakacheka.

Tulitegemea ainyanyue juu watu wapige makofi basi. Yeye akaamua kuivaa. Juu ya kanzu. Kichwa kikapita, mkono mmoja ukapita, wa pili ukagoma, tumbo nalo lilishaongezeka toka enzi zile, akabaki pale katikati ya kiwanja mikono juu uso umo ndani ya kitambaa chekundu anatapatapa kama kuku kwenye gunia. Kimya kikaingia, hata spika ikanyamaza. Halafu sauti yake ikatoka humo ndani, nzito hivi, "Dogo, vuta hapo nyuma."

Dogo akazunguka nyuma yake akavuta. Akaweka mkono mmoja mgongoni akashusha jezi kidogo kidogo na mkono wa pili, huku na huku, hana haraka, kama unavyomvalisha mtoto anayesinzia. Kichwa cha Sita kikatoka. Uwanja ukalipuka, vigelegele, "Sita! Sita! Kuchele!", watu wanatupa kofia, na mdogo wangu amesimama nyuma ya lile tumbo na ile namba yake akijifuta mikono kwenye bukta. Kwenye kanzu, chini ya pindo la jezi, ilibaki alama ya kiganja cha mchanga.

Yaliyofuata yalienda haraka. Jezi ya akiba iliyokuwepo ni tisa, ya yule mshambuliaji aliyekimbilia shamba, refa akagoma, akabembelezwa, akaandika. Kipindi cha pili dogo anakaba na namba tisa mgongoni na watu waliokuwa wanalia kwa furaha dakika tano nyuma wanamzomea, "We tisa mbona unarudi nyuma?" Wanajua kabisa kwa nini. Tukafungwa 4-0. Sita alikaa na jezi yake mpaka mwisho anawaonyesha watu kwa kidole, hapo mimi ningefika, hapo ningefika. Simlaumu, angefika kweli. Jezi hakuirudisha na hakuna aliyeidai, timu ikamaliza ligi haina namba sita, Baharia akasema mnaona, kama Gretzky.

Miezi miwili mbele mdogo wangu akaenda Dar. Vijana wengi huku wanaenda Dar, sisemi ni jezi.

Basi juzi hiyo Jumamosi usiku nikampigia. Tukaongea habari za mama, habari za mafundi, nikaleta kwa kuzungukazunguka, nikamwambia mwanao huku kapewa sita shuleni. Akafurahi. Nikasema unaikumbuka ile siku ya Sita, ya feni?

Akafikiri. "Ile niliyogonga mwamba?"

Nikauliza mwamba gani.

"Kaka we! Kipindi cha pili. Nimeuchukua kule kwetu nimewapita watatu, nimepiga kwa mguu wa kushoto, mwamba wa juu, paaa, mpaka kipa akakaa chini. Sijawahi kupiga vile tena maisha yangu. Wewe si ulikuwepo?"

Kipindi cha pili mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda nimekumbatia feni, naipeleka nyumbani kwa Sita kabla mchanga haujaingia kwenye mota. Nikirudi nilikuta tayari 4-0.

Nikamwambia nilikuwepo.

"Haya sasa," akasema. "Hebu mpe simu huyo Sita wako nimsalimie."

Mtoto alikuwa ameshalala.